Anza na njia ya kurudi: jibu kwa mama wa Lamu anayempeleka mwanawe Kasarani

Swali: "Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Mwanangu wa kiume ana miaka 12, na tangu CHAN ya Agosti 2025 (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani) hana wimbo mwingine ila Harambee Stars, timu ya taifa. Nimemwahidi kumpeleka Nairobi aone mechi moja uwanjani, ama kabla ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2027 ama yenyewe ikifika. Babake yuko ng'ambo kikazi, kwa hiyo tutakwenda mimi, yeye na dadangu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuingia uwanja mkubwa. Shemeji yangu asema kule si mahali pa mwanamke na mtoto, hasa usiku. Je, ni kweli? Tusafiri vipi, tulale wapi, na tutatokaje mechi ikiisha?"

Jibu:

Dadangu, mpeleke. Shemeji yako ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila wasiwasi wenyewe ameuweka pasipo mahali pake. Mkishakaa kwenye viti vyenu ndani ya uwanja, mwanamke, mtoto na mzee wote wana nafasi yao, na utaziona familia nyingi kuliko unavyofikiri. Hatari iko sehemu mbili: mlangoni kabla ya mechi, na barabarani baada yake. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusimamia milango siku za mechi, na kutoka hapa Malindi nimesaidia makundi mengi ya mashabiki wa Pwani kupanga safari za Nairobi. Wanaopata taabu karibu wote hupanga safari kuanzia nyumbani kwenda uwanjani, halafu mambo ya kurudi huyaacha yajipange yenyewe. Wewe geuza. Anza na kitanda mtakacholala usiku wa mechi, uliza mtafikaje hapo kutoka uwanjani, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi Langoni.

Kwa hiyo nianze na kulala. Uwanja wa Kasarani uko kando ya Thika Road, kaskazini-mashariki ya jiji. Ukilala South C au upande wa uwanja wa ndege, usiku wa mechi itabidi ulivuke jiji zima pamoja na maelfu ya watu wengine. Laleni upande uleule wa uwanja. Kwenu nyinyi ningechagua Eastleigh au Pangani. Eastleigh ina hoteli nyingi za familia zisizouza pombe, chakula halali hakitafutwi, misikiti iko karibu, na mama aliyevaa buibui akiwa na mtoto hatazamwi mara mbili. Ni mahali pa msongamano, na mkoba lazima uukumbatie, lakini kutoka pale unaingia Pangani na Pangani unashika Thika Road moja kwa moja. Mechi ikiwa uwanja wa Nyayo, hapo ndipo South C au Nairobi West zinapofaa, kwa sababu Nyayo iko pale Uhuru Highway inapokutana na Lang'ata Road. Na uwanja mpya wa viti 60,000 wa Jamhuri, kando ya Ngong Road, uko upande mwingine kabisa wa jiji. Usilipie chumba kabla hujajua mechi ni uwanja gani.

Tafuteni chumba cha usiku wa kuamkia mechi na usiku wa mechi wenyewe, yaani siku mbili. Najua ni gharama. Lakini wengi hujaribiwa na treni ya saa nne usiku kurudi Mombasa siku ileile, wakahesabu kwamba mechi ya saa tisa huisha saa kumi na moja, muda upo. Muda haupo. Syokimau iko mwisho mwingine wa jiji, Thika Road na Mombasa Road zote zina foleni jioni, na mechi ya mtoano inaweza kurefuka. Robo fainali yetu ya CHAN na Madagascar mwaka 2025 iliingia dakika za nyongeza kisha penalti. Mwenye treni ya kukimbilia huacha kiti chake wakati mbaya kuliko wote, akitoka mbio katikati ya watu wanaokimbia kama yeye, mtoto mkononi.

Safari ya kwenda, kwa kuwa mko Lamu, ni ya siku mbili, wala usikubali mtu akuambie inawezekana kwa moja. Siku ya kwanza vukeni mapema kwa boti hadi Mokowe, mpande basi la asubuhi: Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, Mombasa. Vizuizi vya polisi vipo njiani na watu huteremshwa kukaguliwa, kwa hiyo kitambulisho chako kiwe mkononi, si chini ya begi, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mtwapa peke yake inaweza kuwala saa nzima kwa foleni. Ndiyo maana nasema laleni Mombasa, au hapa Malindi kama mna jamaa, msipange kuunganisha na treni siku hiyohiyo. Basi la usiku la kwenda Nairobi lipo na ni rahisi, lakini kwa mtoto silipendi: barabara ile ina malori usiku kucha, na mnashushwa katikati ya jiji alfajiri na mizigo, macho mekundu, hoteli haijafungua chumba.

Treni ya Madaraka Express inaondoka Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, kwa hiyo weka muda wa kufika huko. Chukueni ya saa mbili asubuhi. Husimama vituo vya njiani kama Voi na Mtito Andei, lakini inawafikisha Syokimau kungali mchana, na mtoto atapita Tsavo akiwa macho. Akibahatika ataona ndovu dirishani. Tiketi unakata kwa *639# na kulipa kwa M-Pesa. Daraja la kawaida lilipanda hadi shilingi 1,500 kwa mtu mzima mwaka 2024. Siku za mechi kubwa na za likizo huisha mapema, na utatakiwa namba ya kitambulisho. Fikeni stesheni saa moja na zaidi kabla, kwa sababu ukaguzi ni wa hatua kadhaa. Jambo moja ambalo watu wetu hawaambiwi: mabegi hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi hupitishwa kuyanusa. Nguo za kuswalia zitie ndani kabisa, ndani ya begi la pili, usije ukakosa raha safari nzima. Ukifika Syokimau kuna treni ndogo inayoingia mjini, lakini nyinyi na mizigo yenu chukueni teksi ya programu ya simu moja kwa moja hadi hotelini.

Ndege ya kutoka Manda hadi Wilson huchukua muda mfupi na kuwapunguzia haya yote. Ukiwa na uwezo huo, ipande bila kusita.

Tiketi ya mechi. Siku hizi inauzwa mtandaoni na kulipiwa kwa simu, na inakuja kama msimbo wa mraba wenye vidoa vyeusi. Nunua kwenye ukurasa unaotangazwa na wenye mashindano wenyewe, FKF (shirikisho la mpira la Kenya) au CAF (la Afrika), si kwa kijana aliyekutumia kiungo katika kundi la WhatsApp, hata kama ni mtoto wa jirani. Na uelewe unavyofanya kazi, maana hapa ndipo watu wanapolia. Ule msimbo hauna jina la mtu kwa mashine. Mashine inauliza jambo moja tu: umeshatumika au bado? Anayeupitisha kwanza ndiye anayeingia. Ukiuweka picha yake kwenye status kwa furaha, yeyote aliyeinasa anaweza kukutangulia mlangoni. Nimesimama mbele ya mama mwenye tiketi halali kabisa, risiti ya M-Pesa anayo, taa ya mashine ikawaka nyekundu mara tatu, na watu elfu nyuma yake wakimsukuma. Mlinzi wa mlango hana la kufanya pale. Kwa hiyo msimtumie mtu, msiuonyeshe, na tiketi ya mtoto iwe yake peke yake. Usidhani atapita kwa yako.

Siku ya mechi mtandao wa simu karibu na uwanja huwa mzito kwa sababu watu maelfu kwa maelfu wako hewani pamoja. Piga picha ya skrini ya tiketi zote tatu ukiwa bado Lamu, halafu nenda saiba ukazichapishe karatasini, kila moja ukurasa wake. Simu ya kioo kilichopasuka mara nyingi haisomwi na mashine, na betri huisha. Karatasi haina betri. Tiketi ya dadako akae nayo mwenyewe.

Nunua mapema pia. Kwenye CHAN, Kenya ilipoifunga Morocco 1-0 ikiwa na wachezaji 10 kipindi chote cha pili, watu wasio na tiketi walivamia uwanja, na CAF ikakata idadi ya watazamaji wa mechi iliyofuata dhidi ya Zambia hadi 27,000. Waliozoea kununua asubuhi ya mechi walibaki nje. Ukiwa huna tiketi mkononi, usisafiri. Usiende kujaribu bahati mlangoni na mtoto, hata ukiambiwa kuna mtu wa ndani.

Sasa mlango wenyewe. Nyinyi Lamu umati mnaujua kwa Maulidi, lakini pale Riyadha watu huja na kuondoka siku nzima. Uwanjani watu makumi ya maelfu wanataka kupita milango michache ndani ya saa moja. Wengi hudhani balaa la mpira ni ngumi za mashabiki. Tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards, watu 7 walikufa Nyayo kwa kubanana wakigombea kuingia. Tarehe 24 Januari 2022, Cameroon ikicheza na Komoro, watu 8 walikufa nje ya uwanja wa Olembe kule Yaoundé. Mlango uliotakiwa kuwa wazi ulikuwa umefungwa. Mtu kwenye msongamano wa namna hiyo mara nyingi hafi kwa kukanyagwa. Hufa kwa kifua kukosa nafasi ya kupanuka, akiwa amesimama wima.

Dawa yake ni saa. Watu hukusanyika zaidi dakika 45 za mwisho kabla ya mpira kuanza, na hasa wimbo wa taifa unaposikika ndani huku walio nje wakiona wanachelewa. Fikeni mlango unapofunguliwa, kwa mechi kubwa muda wa saa tatu kabla ya mpira kuanza. Ndiyo, mtakaa sana. Mtoto atawaona wachezaji wakipasha misuli, na hilo wengi wa waliochelewa hawalioni. Tiketi yako ina jina au namba ya mlango: nenda huohuo, usifuate kundi linaloelekea mlango mwingine eti una watu wachache.

Mkifika mkakuta tayari kumejaa hadi mabega yanagusana pande zote na huwezi kuinua mkono kujikuna, rudini nyuma. Usisubiri kuona. Simameni pembeni mbali na ukuta na vyuma, hata mkikosa dakika 20 za kwanza. Ikitokea mmeshabanwa, mtoto awe mbele yako, mgongo wake kwenye tumbo lako, na mikono yako miwili mbele yake kama bondia anayejikinga, ili kifua chake na chako vipate pumzi. Msisukume kinyume. Watu wakiyumba, yumbeni nao. Wakitulia, piga hatua mbili za mshazari kuelekea pembeni. Kiatu kikivuka, mtandio ukianguka, simu ikidondoka, muache. Hakuna kuinama. Mfundishe haya nyumbani, sebuleni, dadako akijifanya ndiye umati. Mtoto wa miaka 12 atacheka, lakini mwili utakumbuka.

Langoni mtakaguliwa, wanawake na wanawake. Msibebe chupa, mkebe, mwavuli wenye ncha, mti wa bendera wala begi kubwa. Mkoba mdogo unatosha. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2017, kwa hiyo vitafunio msivitie humo. Na kwa kawaida chakula cha nje hakiruhusiwi kupita, kuleni mshibe kabla. Bendera ya kujifunga mabegani haina neno. Juu ya buibui unaweza kuvaa jezi au skafu ya timu, wengi hufanya hivyo na inapendeza. Ila mkiwa mnakwenda mechi ya ligi, angalia rangi kwanza: kijani ni Gor Mahia, buluu na nyeupe ni AFC Leopards, na jukwaa la mashabiki wa kudumu wa upande wowote si mahali pa mgeni na mtoto. Kaeni jukwaa kuu au pembeni.

Ukiweza kuchagua mechi, chagua ya saa tisa mchana, maana ndiyo itakayotuliza shemeji yako. Inaisha kama saa kumi na moja, nuru ingalipo. Adhuhuri mnaswali hotelini kabla ya kutoka, na Alasiri mnaipata baada ya mechi kabla jua halijazama, kwa sababu jua la Nairobi huzama kama robo saa baada ya la Lamu. Mechi ya saa moja usiku ndiyo inayoingiliana na Magharibi. Kwa msafiri kuna ruhusa ya kuichelewesha na kuikusanya na Isha hotelini. Muulize ustadhi wenu kabla ya safari ili uondoke na moyo mweupe, si kuanza kubahatisha ukiwa kwenye kiti.

Jambo la baridi watu wa Pwani hawalisadiki mpaka liwakute. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mwezi wa Julai na Agosti jua likizama uwanjani, mtoto wa Lamu mwenye jezi tupu hutetemeka meno. Sweta, soksi, viatu vya kufunga. Ndara ziacheni hotelini, si kwa baridi tu bali kwa sababu ya lile la kubanwa mlangoni.

Na kabla ya kutoka hotelini, mwandikie mwanao namba yako na ya dadako kwa kalamu mkononi, ndani ya kigasha, na karatasi nyingine mfukoni. Mwambie: ukipotea ndani, rudi kwenye kiti chako ukae. Ukipotea nje, simama kwenye mlango tulioingilia, usiutafute mwingine, na mtu wa kumuuliza ni mwenye sare, ama msimamizi wa mlango ama mtu wa Msalaba Mwekundu. Namba za kuweka kwenye simu ni 999 au 112 ya polisi, 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 116 ya kusaidia watoto. Fedha usiziweke zote sehemu moja, na simu usiitoe dirishani mwa gari katika foleni. Hapo ndipo zinapokwapuliwa.

Filimbi ya mwisho imelia. Kaeni. Nasema tena, kaeni. Nahodha wa Lamu anayekwenda Faza kwa njia ya Mkanda hungoja maji yajae ndipo apite, na nyinyi ngojeni umati ukupwe. Dakika 30 kwenye kiti zinawaondolea msongamano wa ngazi, wa mlango na wa steji kwa pamoja. Nauli za matatu na teksi za programu hupanda sana dakika zile za kwanza, kisha hushuka. Usiite teksi ije mlangoni, haitafika na dereva atakata safari. Kabla ya mechi, mkiwa mnakwenda, mchague na dereva mahali pa kukutana penye taa na walinzi, kama majengo ya maduka ya TRM pale Roysambu au Garden City upande wa kuelekea mjini, na mwombe awe huko saa fulani hata kama itabidi umlipe kusubiri. Kwa mama na mtoto hiyo ndiyo fedha nzuri kuliko zote mtakazotumia.

Mkitembea, tembeeni na watu wengi, barabara yenye taa, na Thika Road mvuke kwa daraja la miguu tu. Mtoto aliyekulia Mkomani na Langoni anajua kumpisha punda na mkokoteni. Barabara yenye njia nane za magari yanayokimbia hajawahi kuivuka, na usiku ataona mashabiki wazima wakiruka kingo kufupisha njia. Mshike mkono hata akilalamika kwamba yeye ni mkubwa. Boda boda watatu juu ya pikipiki moja, hapana.

Kama tarehe ya mechi bado iko mbali, nina pendekezo. Safari yoyote itakayokupeleka Mombasa kabla ya hapo, angalia ratiba ya Bandari. Wao huchezea Mbaraki, uwanja mdogo ambao ukikaa unawasikia hata wachezaji wakiitana. Mpeleke mwanao huko kwanza, naye akushike wewe: atafute mlango ulioandikwa kwenye tiketi, ahesabu njia za kutokea, akuonyeshe mtakutana wapi mkipotezana, na mpira ukiisha akae kwenye kiti mpaka utakapomwambia inuka. Akiyafanya hayo bila kukumbushwa, kata tiketi za Kasarani.